Adabu ya Mzazi kwa Mtoto wa Mtihani

Nasaha za msimu wa mitihani huelekezwa kwa mtoto: soma, sali, weka simu pembeni, lala mapema. Mtahiniwa wa kidato cha sita anayesubiri mtihani wa taifa wa mwezi Mei ameshayasikia yote hayo kwa walimu na kwa shangazi zake wote. Anayehitaji kuusiwa ni mzazi.

Matokeo ya mtihani wa majaribio, yaani moko, yakifika, usiyasome kwa sauti sebuleni mbele ya wageni. Fizikia F, Kemia S, Baiolojia E: mtoto wa mchepuo wa PCB ameyaona kabla yako, na yameshamkosesha usingizi. Mwite kando, mkae, uulize mada moja moja. Kusema "Fizikia umeanguka" ni kumrudishia anachokijua. Muulize ni umeme au ni mwendo unaomshinda. Hata ambaye hakusoma sayansi anaweza kuuliza hivyo. Mara nyingi utakuta si uvivu. Anasoma daftari lilelile toka jalada hadi jalada, anapigia mistari, anakesha, ila hajawahi kukaa na swali moja akalijibu huku akipima muda. Mtafutie mitihani ya miaka iliyopita. Mpe meza iliyoondolewa vyombo na muda wa saa tatu kamili, na ndani ya muda huo usimtume dukani. Kusahihisha mwachie mwalimu wake.

Usimpime kwa mtoto wa jirani. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Hakuna sababu shindano hilo liendelee mezani kwako wakati wa chakula. Wala usimsomee hesabu ya ada na shamba lililouzwa. Anaijua, na ukiirudia atakuja kukuficha anapokwama, kwa kuona haya.

Ukisikia mtu anauza mtihani, ondoka hapo na mwanao. Anayebainika kufanya udanganyifu hufutiwa matokeo, na mzazi aliyetoa fedha hana uso wa kumkemea mtu.

Ukweli nao ni sehemu ya adabu. Tishio la "ukifeli, maisha yameisha" ni uongo, na mtoto huusadiki. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa wa kidato cha sita ni ufaulu mkuu wa masomo mawili, jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinafika. Udaktari unadai zaidi ya hapo, na mwambie hivyo bila kuzunguka. Lakini ipo pia stashahada, ambayo akiifaulu vizuri humfikisha kwenye shahada. Ipo programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Na upo mlango wa kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Zungumzeni njia hizi sasa, kabla ya matokeo, akili ikiwa imetulia. Na kama PCB ilikuwa chaguo lako, yeye akitaka Historia, Jiografia na Kiingereza (HGL), liseme hilo kwa kinywa chako.

Akiacha kula, akajitenga, au akatamka kwamba bora afe, hapo usimpe nasaha wala usimwambie ajikaze. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mtihani hurudiwa.

Na ukiona mikono inakuwasha kwa kutaka kusaidia, ipo kazi ambayo ni yako kabisa. Kwa anayeomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa aliyezaliwa huko. Aliyefiwa na mzazi huhitaji na cheti cha kifo kilichohakikiwa. Wengi hukumbuka dirisha la maombi likiwa limeshafunguliwa, wakagundua jina la cheti halilingani na la shuleni. Kabla hujamuuliza mwanao amesoma kurasa ngapi leo, kitafute hicho cheti ukisome jina herufi kwa herufi.