Je, Mgonjwa wa Kansa Aulize Habari ya Watoto?



Katika kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa lilizuka swali ambalo hatukulimaliza, na wachungaji wakatuomba tuliandike hapa ili kila nyumba ilifikirie.

Kijana mmoja wa kwaya alivimba mitoki ya shingo. Kwanza ilidhaniwa ni kifua kikuu, akameza vidonge miezi mingi, uvimbe usipungue. Baadaye kinyama kilikatwa, kikapimwa, ikaonekana ni kansa ya mitoki. Kamati ya rufaa ilikubali atibiwe, akapanda gari kwenda mjini. Wakati huo alikuwa amekwisha kupeleka barua ya uchumba, na mahari ilikuwa imefika nusu.

Alirudi amepona, tukaimba mpaka usiku. Lakini siku ya kuagana naye, daktari alikuwa amemwambia kwamba huenda dawa zimeharibu uzazi wake. Akatuuliza, "Mbona hakuna aliyeniambia kabla?" Tukamjibu kwamba la kwanza lilikuwa uhai. Akasema, "Hilo najua. Lakini mbona hakuna aliyeniambia?" Tulinyamaza. Alituuliza jambo moja, nasi tulikuwa tumemjibu jingine.

Tueleze kidogo, maana wengi kati yetu hatukulijua hili. Dawa za kansa hushambulia seli zinazogawanyika upesi, kwa sababu ndivyo kansa inavyokua. Lakini nywele pia hukua upesi, ndiyo maana hunyonyoka. Na mbegu za mwanamume hutengenezwa upesi vilevile. Mayai ya mwanamke hayatengenezwi upya, na baadhi ya dawa huyaua yaliyopo. Mionzi ikielekezwa sehemu za nyonga huweza kufanya hivyo hivyo. Si kila dawa, wala si kila mtu. Wengine huzaa baadaye bila shida, na umri nao una nguvu yake, kwa kuwa msichana ana akiba kubwa ya mayai kuliko mama wa miaka 38.

Hapa Uganda habari hii ina mizizi. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, ambaye alikuwa Mkristo wa bidii, aliandika juu ya kansa ya taya inayowapata watoto wa sehemu hizi. Miaka ya 1960 ilionekana kwamba dawa iitwayo saiklofosfamaidi huyeyusha uvimbe ule, na watoto waliongoja kufa wakarudi nyumbani. Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianzishwa palepale Mulago mwaka 1967. Dawa hiyo hiyo iliyookoa watoto ni mojawapo ya zile zinazoweza kufunga uzazi. Zamani swali lilikuwa moja tu: je, atapona? Mungu akijalia apone, swali la pili huja lenyewe.

Njia za kuhifadhi uzazi zipo, nazo si za jana. Mbegu za mwanamume hugandishwa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na watoto waliotokana na mbegu zilizogandishwa walizaliwa Marekani tangu miaka ya 1950. Mwanamke huchomwa sindano kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha mayai hutolewa na kugandishwa. Huko Ubelgiji mama mmoja alikatwa sehemu ya ovari mwaka 1997, kabla ya kutibiwa kansa ya mitoki. Baadaye akarudishiwa, na Septemba 2004 akajifungua mtoto. Mwaka huo huo wa 2004, Kampala alizaliwa mtoto wa kwanza wa Uganda ambaye mimba yake ilitungwa maabara. Na kuna njia isiyohitaji jokofu lolote: mionzi ikitakiwa kupita nyongani, mpasuaji huweza kuhamisha ovari na kuzipandisha juu, mbali na mionzi.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Mzee mmoja alisema, "Mtu anayezama haulizi viatu vyake viko wapi." Wengi tuliitikia. Ndipo mama mmoja, ambaye alizika watoto watatu njiani tukikimbia, akasema, "Ninyi mnaoita watoto viatu, hamjabaki peke yenu na jina la ukoo." Hakuna aliyemjibu.

Tunaona kwamba mama yule alisema kweli, na mzee pia hakukosea. Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, waoe na wazae watoto huko huko ugenini. Kwa hiyo kutamani mtoto ukiwa mkimbizi mgonjwa si ukosefu wa imani, wala si anasa. Lakini mzee aliogopa jambo la haki: kuna kansa isiyongoja. Mwanamume huweza kutoa mbegu siku moja, na dawa zikaanza kesho yake. Wiki mbili za mwanamke, katika kansa ya damu iliyo kali, huweza kuwa ndizo wiki zenyewe za uhai. Hapo uhai unatangulia, na asiwepo wa kumlaumu binti wala wazazi wake.

Tuliloshindana nalo zaidi ni fedha. Katika rufaa zote tulizofuatana nazo hatujaona mkimbizi aliyelipiwa kuhifadhi uzazi. Ni kazi ya kliniki za mjini, na baada ya kugandisha kuna ada ya kutunza. Basi mmoja wetu akauliza: kama hawezi kulipa, kumwambia ni kumtesa bure, si afadhali anyamaziwe?

Tumelitafakari sana hilo, na tumekataa. Sisi tumeamuliwa mambo mengi katika vyumba ambavyo hatukuingia: kambi gani, gari gani, jina lipi likae kwenye karatasi na lipi lifutwe. Tunajua ladha yake. Mtu huyu amebakiwa na mwili wake, nao pia uamuliwe pasipo yeye? Tena, anayeambiwa huweza kufanya jambo hata bila fedha. Huweza kumwuliza daktari kama kuna dawa nyingine yenye madhara pungufu kwa uzazi. Huweza kumwambia mchumba wake mapema, kwa kinywa chake mwenyewe. Huweza kulia kabla, akiwa na watu wake karibu, kuliko kulia baadaye kituo cha basi kama alivyolia kijana wetu.

Kuhusu viinitete vinavyogandishwa, ndugu zetu Wakatoliki wana katazo la wazi, na mwaka 2008 Kanisa lao lilikataa pia kugandisha mayai kwa ajili ya utungaji wa maabara. Hatutabishana hapa. Kila mmoja na aulize kwa mchungaji au padre wake, ila aulize mapema.

Lakini kuna kosa ambalo si la daktari. Tulimpa kijana yule sababu ya kuogopa. Ni sisi tunaomwita mama asiye na mtoto kwa jina lake la utotoni hata akiwa na miaka 50, kwa kuwa hana "Mama Fulani" wa kuitwa. Ni sisi tunaoombea ndoa uzao na kunyamaza juu ya mengine yote. Someni Isaya sura ya 56, mwone Mungu anawaahidi nini matowashi ndani ya nyumba yake. Yule Mhabeshi wa Matendo 8 alikuwa amefika sura ya 53. Huwa tunafurahi kuwaza kwamba gari lilipoendelea, alifika na hiyo ya 56.

Basi kwa sasa kikundi kimekubaliana hivi. Yeyote anayepewa rufaa ya kansa, mmoja wetu atakwenda naye, na kabla ya dawa ya kwanza daktari ataulizwa: je, tiba hii itagusa uzazi, kuna la kufanya, na lina muda gani? Wazazi wa watoto wadogo nao waulize. Na wenye ndoa wakumbuke kuuliza namna ya kuzuia mimba wakati wa tiba, maana dawa hizo huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kijana wetu alimwambia mchumba wake. Binti amesema ataolewa naye. Baba yake binti hajapokea nusu ya mahari iliyobaki, wala hajairudisha ile ya kwanza. Jumapili mchana, baada ya ibada, tunakwenda kukaa naye.