Mlangoni pa Duka

Noeli ikaribiapo, twakumbuka msiba wa Marekani. Ijumaa tarehe 28 Novemba 2008, kesho yake Sikukuu ya Shukrani, watu wapata 2,000 walingoja alfajiri nje ya duka moja huko Valley Stream, New York, ili wanunue vitu vilivyopunguzwa bei. Wakavunja mlango, wakamkanyaga mtumishi wa duka hata akafa. Walipoambiwa duka lafungwa, wengine walinung'unika: walikuwa wamejipanga tangu jana! Wala hawakuwa majambazi. Kila mmoja alisukumwa na wa nyuma, naye akamsukuma wa mbele. Basi, enyi wazazi, mwendapo kununua nguo za Noeli, mkiona watu wasukumana mlangoni, rudini nyumbani na watoto wenu. Binti aweza kwenda Misa ya usiku na gauni la mwaka jana.