Kuona na Kuonyeshwa katika Matembezi ya Watoto

Yako mambo ambayo kwa udogo wa wahusika wake huhesabiwa kuwa madogo, hali uzito wake wastahili kupimwa kwa mizani ile ile ipimayo mambo makubwa. Matembezi ya watoto wa shule za awali ni mojawapo. Mwalimu hupanga siku, mzazi hutoa nauli, gari huja, watoto wa miaka mitatu, minne na mitano hupandishwa, na jioni hurudishwa makwao wamechoka. Ayatazamaye matembezi hayo kwa mbali husema kuwa ni kazi ya ratiba na chakula tu. Lakini ndani ya ratiba hiyo limo swali la maadili: mtu mzima ana haki gani ya kuitumia furaha ya mtoto kuwa chombo cha kumfikishia jambo jingine, hata kama jambo hilo ni elimu?

Matembezi hayo aghalabu hutangazwa kwa maneno mawili yaliyofungwa pamoja, furaha na elimu, kana kwamba ni pacha waliozaliwa siku moja. Walakini akichunguza mtu ataona kuwa mara nyingi mmoja wao amefanywa mtumwa wa mwenziwe. Furaha huwa chambo, elimu huwa ndoana, na mtoto huwa samaki. Watu wengi hawaoni ubaya katika jambo hili, na mithali yetu huwaunga mkono, kwani husema samaki mkunje angali mbichi. Mithali hiyo ni njema kwa kadiri itukumbushayo kwamba utoto una wepesi wa kukunjika ambao utu uzima hauna. Lakini yafaa tukumbuke pia kwamba samaki hukunjwa kwa manufaa ya mlaji, si kwa manufaa ya samaki, wala hapana aliyepata kumwuliza samaki kama apenda kukunjwa. Mtoto si kitoweo cha mtu. Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kamwe kuwa njia tu ya kufikia jambo jingine, bali daima awe pia shabaha kwa nafsi yake. Hakuweka sharti la umri, na sisi hatuna sababu ya kuliongeza.

Ili tuone jinsi shauri hili lilivyo gumu, tutazame matembezi mashuhuri yaliyomo katika kitabu cha Jean-Jacques Rousseau kiitwacho Émile, kilichotolewa Ufaransa mwaka 1762. Mwanafunzi katika kisa hicho si mtoto mchanga. Yu karibu na umri wa miaka kumi na miwili. Alikuwa ameuliza kujua mahali jua lilipo kwafaa nini. Mlezi wake hakumjibu. Kesho yake alimchukua kutembea katika msitu ulio upande wa kaskazini wa mji wa Montmorency, akajifanya kuwa amepotea pamoja naye. Mtoto aliona njaa na kiu, akachoka, akalia. Hapo mlezi, kwa maswali ya upole, alimwongoza autazame uvuli wa adhuhuri, ajue kaskazini ni wapi, na kwa hiyo ajue kusini, na kusini ndiko ulikokuwa mji. Wakatoka wakala chakula chao. Kumbe muda wote ule mji ulikuwa karibu mno, umefichwa na kichaka tu.

Hapana shaka mtoto yule alijifunza. Somo lililoingia kwa njaa na machozi halitoki upesi. Lakini elimu ile ilinunuliwa kwa bei gani? Ilinunuliwa kwa uongo wa mtu ambaye mtoto alimwamini. Siku atakayotambua kwamba mlezi wake aliijua njia tangu mwanzo, mtoto huyo atajifunza somo la pili ambalo halikuwamo katika mpango: kwamba mkono aliokuwa ameushika ulikuwa ukimchezea. Ikiwa hila hii ina hatari kwa kijana wa miaka kumi na miwili, hatari yake ni kubwa zaidi kwa mtoto wa miaka minne, kwa sababu mtoto huyo hana kitu kingine cha kumwongoza ila imani yake kwa mtu mzima. Akiivunja imani hiyo kwa ajili ya kufundisha rangi au hesabu, mwalimu amebomoa nyumba ili apate kuni.

Basi, je, tuache kupanga? La. Mtu asiyepanga matembezi ya watoto wadogo haheshimu uhuru wao, anawatupa. Njia ya kutoka katika shida hii ni kupambanua mpango na hila, na kipimo chake ni chepesi. Mpango ni ule ambao mtoto angeweza kuambiwa wote, na mpangaji asione haya. Hila ni ule ambao haufai kitu ila ufichwe. Maji ya kunywa, kivuli, njia ya kuvuka barabara, hesabu ya watoto wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanne au watano: hayo yote yaweza kusemwa mbele ya mtoto pasipo kumwaibisha mtu. Lakini starehe iliyoahidiwa asubuhi, ambayo adhuhuri hugeuka kuwa mtihani, haiwezi kusemwa kabla. Ikisemwa, haivuti tena.

Lugha yetu imetupa mithali nyingine ambayo yafaa kuwekwa kando ya ile ya samaki. Husema: tembea uone. Haisemi tembea uonyeshwe. Kati ya maneno hayo mawili pana tofauti ambayo mtungaji wa ratiba hana budi kuielewa. Kuonyeshwa ni kazi ya kidole cha mtu mwingine. Kuona ni kazi ya jicho la mwenyewe. Mtu mzima aweza kumwandalia mtoto mahali, wakati na usalama wa kuona, lakini hawezi kuona kwa niaba yake, kama vile asivyoweza kulala usingizi kwa niaba yake.

Mfano mzuri wa mgawanyo huu wa kazi tunao katika pwani yetu. Mwalimu wa Dar es Salaam au wa Unguja atakaye kuwapeleka watoto ufukoni yampasa kwanza ajue habari za mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo bahari hujaa sana na kukupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo bahari haisogei mbali. Siku za bamvua maji ya pwani hii hukupwa karibu na saa nne au saa tano ya asubuhi, wakati ambao watoto hawajachoka na jua halijawa kali kupita kiasi. Kila siku saa ya kukupwa huchelewa kwa muda wa dakika hamsini hivi, na tangu maji yakupwe mpaka yajae tena hupita saa sita na kitu. Ajuaye hayo huchagua siku kwa kalenda ya mwezi, huwavika watoto viatu kwa ajili ya mawe na miiba ya baharini, huwaondoa kabla maji hayajarudi, wala hawapeleki palipo na mkondo utakaojaa nyuma yao. Hiyo ndiyo kazi yake, nayo si ndogo.

Baada ya hapo kazi ni ya watoto. Katika vidimbwi vilivyoachwa na bahari watakuta kiti cha pweza, mwani, samaki wadogo, na kaa yule aishiye ndani ya kombe tupu la konokono, ambaye akikua hulihama na kutafuta kubwa zaidi. Mwalimu aliyetayarisha somo la viumbe vya baharini atataka kuwaambia habari hizo zote kwa mpango wa kwanza, wa pili na wa tatu. Lakini mtoto akiachwa achutame kwa muda wake mwenyewe, aweza kuuliza: mwenye nyumba hii amekwenda wapi? Swali hilo lina mauti ndani yake, na urithi, na makao, na ukuaji. Hapana ratiba ambayo ingethubutu kuliandika, na mwalimu mwenye haraka ya kwenda kwenye kidimbwi kingine hatalisikia.

Plato alipata kuandika katika kitabu cha saba cha Jamhuri kwamba watoto wafundishwe kwa mchezo, si kwa nguvu. Sababu mojawapo aliyoitoa hukumbukwa na wachache: katika mchezo mtazamaji huweza kutambua kila mtoto ameelekea wapi kwa tabia yake. Yaani matembezi yana mwanafunzi mwingine, naye ni mwalimu. Kule ufukoni hugundua kwamba mtoto asiyesema darasani husema na kaa. Kwamba mwenye ushujaa wa maneno huogopa povu. Kwamba wawili waliokuwa wakigombana huchukua ndoo moja. Mwalimu aonyeshaye tangu asubuhi hata jioni hana nafasi ya kujifunza hayo, kwa kuwa macho yake yamefuata kidole chake.

Yamkini mtu atatoa hoja kwamba mzazi aliyetoa fedha ana haki ya kuuliza mtoto wake amejifunza nini. Hoja hii ni ya haki na yastahili jibu. Jibu la kwanza ni kwamba furaha ya mtoto haihitaji udhuru. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, ulitambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, wala haukusema kwamba mchezo ni halali kama una faida ya darasani. Jibu la pili ni kwamba elimu ya umri huu haihesabiki jioni ile ile. Mtoto aliyepelekwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, aweza kukaririshwa kwamba fuvu la Zinjanthropus liligunduliwa Olduvai mwaka 1959 na kwamba umri wake ni miaka 1,750,000 hivi, na mzazi akafurahi kusikia tarakimu hizo. Lakini mtoto ambaye bado huchanganya jana na juzi amebeba tarakimu kama mtu abebaye mzigo wa mwenziwe. Penginepo kilichomgusa kweli ni ukubwa wa mlango, au mwangwi wa nyayo zake, au gari la zamani. Asikaripiwe kwa hilo. Milango na mienendo ya sauti ni elimu pia.

Liko jambo moja la mwisho ambalo ratiba nyingi hulipita kimya. Matembezi yenye ada kubwa hugawa darasa mafungu mawili: waliokwenda na waliobaki. Mtoto aliyebaki hajui bei ya gari wala hali ya mfuko wa babaye. Ajua tu kwamba wenzake waliitwa na yeye hakuitwa. Kesho yake darasa zima huchora picha za safari, naye hana la kuchora. Somo hilo la kuachwa hupata kulielewa mapema kuliko alfabeti. Kwa hiyo mpangaji mwadilifu huanza na swali la nani atabaki, kisha ndipo huuliza la wapi tutakwenda. Ikiwa safari ya mbali itamwacha hata mmoja, na ichaguliwe ya karibu itakayowachukua wote. Shule ya pwani ina ufuko na soko la samaki. Shule ya bara ina mto, shamba na gulio. Na hapana mtaa usio na seremala, mshonaji au mti mkubwa ambao watoto kumi hawatoshi kuuzunguka kwa mikono.

Kwa muhtasari, furaha na elimu hazina ugomvi. Wagombanao ni watu wazima wanaotaka kuzitawala zote mbili. Mtu mzima na ashike yaliyo yake: mwezi, maji, barabara, kivuli, chakula, haki ya kila mtoto kwenda. Mtoto naye aachiwe yaliyo yake, ambayo ni kuona, kugusa, kuuliza na kunyamaza. Akiulizwa jioni ameona nini, naye akajibu kwa jambo ambalo halikuwamo katika ratiba, mwalimu asihuzunike. Na aliandike, maana siku inayofuata atahitaji mahali pa kuanzia.