Je, Choo ni Shauri la Mwenye Nyumba Peke Yake?



Liko neno lisemwalo mara nyingi mtu akihimizwa kuchimba choo: "Nyumba ni yangu, shamba ni langu, na nikienda porini naenda mwenyewe. Wewe yakuhusu nini?" Neno hili lina nguvu, maana kila mtu hupenda kuwa bwana nyumbani mwake, tena jambo lenyewe ni la siri, wala watu wenye adabu hawalizungumzi barazani. Walakini yafaa tulipime kama mtu apimavyo mahindi kabla ya kuyanunua. Mtu akijisaidia porini, je, ni shauri lake peke yake?

Msomaji asione haya. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli waliagizwa kuwa na mahali nje ya kambi, na kila mtu kuwa na chombo cha kuchimbia, ili afukie kimtokacho. Ikiwa Torati haikuona haya kuyanena, kwa nini sisi tuyafiche? Wazee wetu nao walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwanza imetupasa kuwajua minyoo wenyewe. Katika mkoa wetu wa Tanga, toka milima ya Usambara hata nyanda za Korogwe na Handeni, wako minyoo wa namna tatu wakaao matumboni na kupita katika udongo. Wa kwanza ni mchango, mnyoo mrefu wa mviringo, ambaye huweza kufika sentimeta 30 na kuzidi. Wa pili ni mjeledi, mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili. Wa tatu ni safura, mfupi kama kipande cha uzi, urefu wake kama sentimeta 1, naye hujishikiza katika utumbo na kunywa damu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapata bilioni 1.5 duniani wana minyoo hawa wapitao katika udongo.

Mchango jike hutaga mayai yapata 200,000 kila siku, naye huishi mwaka mmoja hata miwili. Mayai hutoka pamoja na choo, lakini hayawezi kumdhuru mtu papo hapo. Hayana budi kukaa kwanza udongoni, penye unyevu na kivuli, majuma mawili au matatu au zaidi, mpaka kijinyoo kikomae ndani ya yai. Ndipo mtoto achezaye uwanjani, au mtu alaye tunda lisiloshwa, ayamezapo bila kuyaona. Mjeledi huenda njia hiyo hiyo. Safura ana njia nyingine: mayai yake huanguliwa udongoni baada ya siku moja au mbili, na siku chache baadaye vijinyoo vyake huwa tayari kupenya ngozi ya mguu mtupu. Njia hiyo iligunduliwa na mtaalamu Mjerumani, Arthur Looss, aliyekuwa akifanya kazi Cairo. Mwishoni mwa karne ya 19 tone la maji yenye vijinyoo lilimwangukia mkononi. Ngozi ikamwasha, na baada ya muda akaona mayai ya safura katika choo chake mwenyewe. Basi wakulima wetu walimao miguu mitupu chini ya migomba, na vibarua walioingia katika mashamba ya mkonge bila viatu, walikuwa katika hatari bila kuumwa na kitu walichokiona.

Sasa angalieni neno moja, maana ndilo msingi wa hoja yetu yote. Minyoo hawa watatu hawaongezeki tumboni. Hutaga humo, lakini mayai yao hayawi minyoo wapya humo. Hayana budi kutoka nje na kukaa udongoni kwanza. Maana yake, mtoto akiwa na minyoo 20, wote 20 waliingia mmoja mmoja kutoka nje, na kila mmoja alikuwa yai lililotoka katika tumbo la mtu. Wako watu wasemao kwamba kila mtoto huzaliwa na mchango wake. Sivyo. Hakuna mnyoo tumboni mwa mtoto asiye na mtu aliyemleta.

Mtu huyo ni nani? Huenda ni baba yake, huenda ni jirani, huenda ni mpita njia aliyekwenda zake tangu mwezi uliopita, huenda ni mtoto mwenyewe. Hakuna awezaye kujua. Na hapa ndipo lilipo swali letu lenyewe. Mwizi wa mbuzi hufuatwa nyayo, hukamatwa, huletwa barazani. Lakini aliyemletea mtoto wa mwenzake safura hafuatwi nyayo. Hata yeye mwenyewe hajui alilolitenda, wala hakukusudia. Kosa lake halina jina, na kwa kuwa halina jina, kila mtu husema, "Si mimi." Kwa makosa ya namna hii baraza halitoshi. Hapana mlinzi ila dhamiri ya mtu mwenyewe, na dhamiri hailindi jambo isilolijua. Kwa hiyo ajuaye ana deni kuliko asiyejua. Nasi tuliosoma habari hizi tumekwisha kujua.

Martin Luther aliulizwa swali lililo karibu na hili wakati wa tauni, naye akajibu kwa maandiko mwaka 1527. Alifundisha kwamba mtu adharauye dawa na kujilinda, kisha akawaambukiza wengine, hamjaribu Mungu tu, bali ana hatia ya damu yao. Minyoo si tauni, wala hawaui upesi. Lakini safura humnyonya mtoto damu kila siku mpaka awe mweupe wa viganja na mzito wa kusoma, na humdhoofisha mama mwenye mimba, ambaye damu yake yahitajiwa na watu wawili. Yaendayo polepole nayo yana hesabu yake.

Basi jibu la kwanza ni hili: choo si shauri la mwenye nyumba peke yake. Walakini ziko hoja tatu za kweli, wala si haki kuzipita.

Wa kwanza husema: "Mimi si mgonjwa, kwa nini ninywe dawa?" Ni kweli, mwenye minyoo wachache mara nyingi hasikii lo lote, lakini hutoa mayai kama mwingine. Mwaka 1998, huko Busia nchini Kenya, wataalamu Edward Miguel na Michael Kremer walianza kuchunguza shule za msingi 75 zilizopewa dawa ya minyoo zamu kwa zamu. Waliona kwamba hata watoto wasiomeza dawa walipungukiwa na minyoo, kwa sababu mayai yalipungua katika udongo waliouchezea pamoja. Wataalamu wengine wamebisha baadhi ya hesabu zao, hasa za mahudhurio ya shule, lakini kwamba dawa ya mmoja humkinga mwenzake, hilo limesimama. Kisha mwaka 2001 wazazi wa baadhi ya shule hizo walitakiwa kulipa fedha kidogo. Mahali pa bure watoto 75 katika 100 walimeza dawa. Mahali pa kulipa, 18 tu katika 100. Sisemi wazazi hao walikuwa wabaya. Wengi walikuwa maskini. Lakini hesabu hiyo yatuonyesha tulivyo: faida ikienda nusu kwangu na nusu kwa jirani, mimi huhesabu nusu yangu tu, nikaona haitoshi.

Wa pili husema: "Mimi ni maskini, na maji hakuna." Hoja hii ni nzito, hasa Handeni, ambako kwa miaka mingi akina mama wametembea mbali na ndoo kichwani, na maji ya bomba hayana budi kuvutwa toka mto Pangani upande wa Korogwe. Si haki kumhukumu mjane asiye na maji kama tumhukumuvyo mwenye duka na nyumba ya bati. Deni hufuata nguvu ya mtu. Lakini choo cha shimo hakidai maji, chadai jembe na siku chache. Na kibuyu chirizi huosha mikono kwa maji kidogo sana. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya; watu wapata milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma, na vyoo maelfu kwa maelfu vikachimbwa kwa mikono ya wanakijiji. Asiyeweza kuchimba, kwa uzee au ugonjwa, deni lake huhamia kwa wenye mikono. Tukimwambia mjane, "Choo chako ni shauri lako," tumerudia lile lile neno tulilolikataa mwanzo.

Wa tatu huuliza: "Ikiwa ni deni, je, watu walazimishwe?" Tuangalie mambo ya jirani zetu. Mwaka 2008, katika mkoa wa Morogoro, watoto wa shule walipewa dawa za kichocho na minyoo. Wengine walipata kichefuchefu na maumivu, uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa, na wazazi wakakimbilia shuleni kwa hasira hata pakawa na fujo. Wazazi wengi hawakuwa wameelezwa vema kabla. Je, walikosa kwa kuwapenda watoto wao? Hapana. Atakaye mtu ameze dawa kwa ajili ya jirani amwambie kwanza kweli yote: ni dawa gani, yafanya nini, yaweza kuumiza namna gani. Mkoa wa Tanga ulipoanza kugawiwa dawa za matende na mabusha, mwaka 2004, moja ya dawa hizo ilikuwa albendazoli, ambayo huua minyoo ya tumbo pia. Na wagawaji walikuwa watu wa vijiji vile vile, wajuao kujibu maswali kwa lugha ya nyumbani. Deni la upendo hulipwa kwa hiari, na hiari haipatikani gizani.

Mwisho, tusidhani kwamba kidonge kimemaliza kazi. Mchango ukitolewa kwa dawa, mahali pasipo vyoo hurudi karibu kiasi kile kile mnamo miezi 12, kwa kuwa mayai yake hudumu udongoni miaka. Dawa husafisha tumbo. Choo husafisha nchi. Anywaye dawa kisha akarudi porini ameondoa maumivu yake, lakini deni lake hajalilipa.

Basi, ndugu zangu, na hasa ninyi walimu wa vijiji, anzeni kwenu. Angalieni choo cha nyumba yenu, na cha kanisa, na cha shule, kabla ya kwenda kwa jirani. Kisha ulizeni ni nyumba gani kijijini haina mtu wa kushika jembe, mwende huko pamoja, Jumamosi moja. Mtoto atakayeponea hapo hatajua ni nani aliyemponya, kama vile asivyojua ni nani aliyemtia ugonjwa.