Kipawa na Mazoezi

Msomaji, wako watu wasemao kuwa mwanafunzi ajizoezaye hesabu na mantiki kwa ajili ya mtihani wa kupima kipawa hufanya hila. Husema kuwa mtihani wa namna hiyo haukutungwa kupima mtu alichosoma, bali alivyozaliwa. Basi ajizoezaye ni kama mtu avaaye viatu vya visigino virefu siku ya kupimwa kimo. Hupata nafasi kwa urefu usio wake, na mrefu wa kweli, aliyekuja pekupeku, hurudi nyumbani mikono mitupu.

Neno hili lina uzito, wala halifai kuchekwa. Mitihani hii leo ni mingi. Hutolewa na mabenki, na mashirika, na vyuo, na majeshi. Nafasi huwa kumi na waombaji wakawa elfu. Apatapo mmoja, mwingine hukosa. Ikiwa mazoezi ni hila, basi ni hila yenye kumdhulumu mtu ambaye mwenye kuifanya hatamwona uso wake kamwe, na kijana mwadilifu hana budi kuyaacha.

Yafaa kwanza tuyachungue madai yenyewe kuwa kipawa chaweza kupimwa kikiwa peke yake, kama kimo kipimwavyo ukutani. Mwaka 1926 kulianzishwa Marekani mtihani wa kuchagua vijana wa kuingia vyuo vikuu, uitwao SAT. Katika jina lake la awali lilikuwamo neno lenye maana ya kipawa. Aliyeongoza utungaji wake ni Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton. Mtu huyu alikuwa ametoa kitabu mwaka 1923 juu ya mitihani ya akili waliyopewa askari wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa kuzitazama alama za askari wale, alidai kuwa mataifa fulani yamezaliwa na akili nyingi na mengine na akili haba. Na watu weusi aliwaweka chini. Lakini maswali ya mitihani ile yalikuwa ya namna gani? Baadhi yake yaliuliza habari za wachezaji wa besiboli, na za bidhaa za madukani Marekani. Mkulima aliyeshuka melini juzi kutoka Italia angeyajulia wapi mambo hayo? Mwaka 1930 Brigham mwenyewe aliandika kuwa hukumu yake ile haikuwa na msingi. Astahili sifa kwa kukiri, ingawa maneno yake yalikuwa yamekwisha kuenea mbali.

Mtihani wa SAT uliendelea, na walioutoa walishikilia kuwa mafunzo ya muda mfupi hayaongezi kitu. Mwaka 1946, katika mtaa wa Brooklyn mjini New York, mwalimu mmoja aitwaye Stanley Kaplan, mwana wa fundi wa mabomba, alianza kufundisha watoto wa majirani mtihani ule ule uliosemwa kuwa haufundishiki. Darasa lake lilikuwa chumba cha chini katika nyumba ya wazazi wake. Watoto wakaongezeka, kisha wakaja wa mbali. Mwaka 1979 idara ya serikali ya Marekani ilipochunguza, iliona kuwa mafunzo yake yaliongeza alama kwa kiasi fulani. Katika miaka ya 1990 neno lile la kipawa likaondolewa katika jina la mtihani.

Basi ule mfano wa viatu hausimami. Kimo cha mtu mzima hakibadiliki kwa kujinyoosha, lakini akili hubadilika kwa kutumiwa. Hapana amwambiaye mkimbiaji wa Iten kuwa nishani yake ni ya wizi kwa sababu alikimbia kila alfajiri.

Hata hivyo, msomaji, usifurahi upesi. Mazoezi si ya aina moja, na iko aina ambayo wale washitaki wana haki ya kuiita hila. Tazama swali hili. Basi laenda mji wa mbali kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, likarudi kwa njia ile ile kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendo wake katika safari nzima ni nini? Asiyejizoeza hujibu 50, kwa kuwa 50 iko katikati ya 60 na 40. Jibu ni 48. Chukua kilomita 120: kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5. Basi lilikaa muda mrefu zaidi katika mwendo wa polepole, na ndiyo sababu wastani umevutwa chini.

Sasa wako wanafunzi wawili waliolipata jibu hili. Wa kwanza amekariri kanuni: zidisha mwendo mmoja kwa mwingine, zidisha tena kwa mbili, ugawe kwa jumla ya mwendo wote wawili. Ni kanuni ya kweli, nayo huleta 48 kwa dakika moja. Wa pili amejua kuwa siri ni muda. Mtungaji akibadili swali kidogo, akasema basi lilikwenda saa 2 kwa mwendo wa 60, kisha saa 2 nyingine kwa mwendo wa 40, wa kwanza huandika 48 bila kusita. Safari hii jibu ni 50! Kanuni yake haikumdanganya. Yeye hakuwahi kuiuliza ilitoka wapi. Na kama mtungaji hakubadili kitu, wote wawili wataandikiwa alama sawa, na msahihishaji hatajua nani kati yao ameelewa. Anayejua ni mwanafunzi mwenyewe peke yake.

Mtu aliyepata nafasi katika benki kwa njia ya yule wa kwanza hudhuru wengine baadaye. Mteja humjia, akamwuliza: bei ya mali yangu ilipanda asilimia 20, kisha ikashuka asilimia 20, mbona sikurudi pale nilipokuwa? Shilingi 1,000 hupanda kuwa 1,200. Lakini asilimia 20 ya 1,200 ni 240, basi hubaki 960. Wakopaji wangapi wametia sahihi mikataba wasiyoielewa, kwa kuwa na karani aliyeketi mbele yao hakuielewa pia?

Mantiki nayo ina mtego wake. Mwaka 1966 Mwingereza aitwaye Peter Wason alitangaza chemshabongo ya kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Mezani zaonekana A, K, 4 na 7. Kanuni yasema: kadi yenye vokali upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi ni lazima uzigeuze ili ujue kama kanuni ni ya kweli? Weka kitabu kando kidogo ufikiri.

Watu wengi, wakiwamo wasomi wa vyuo vikuu, huchagua A na 4. Jibu ni A na 7. Ile 4 haina haja ya kugeuzwa, kwa maana kanuni haikusema kuwa namba shufwa sharti iwe na vokali. Lakini 7 ikiwa na vokali nyuma yake, kanuni imevunjika. Katika majaribio kama hayo hupata jibu mtu mmoja katika kumi, au pungufu yake. Mwaka 1982 wachunguzi wawili wa Marekani, Griggs na Cox, waliwapa wanafunzi wa Florida chemshabongo hiyo hiyo kwa sura nyingine: anywaye bia sharti awe ametimiza umri uliowekwa na sheria, ni nani wa kukaguliwa? Karibu robo tatu walijibu sawasawa. Walijua mara moja kumkagua mnywaji wa bia na yule mwenye umri mdogo, wakamwacha mzee na kinywaji chake.

Mantiki ni moja, na sura mbili. Mimi naona hapa fundisho kubwa kwa ajizoezaye, nalo ni kuwa swali gumu lisikaririwe, bali lihamishiwe mahali unapopajua: sokoni, garini, shambani. (Pia naona kwamba sisi wanadamu tu wepesi wa kumnasa avunjaye sheria, na wazito wa kutafuta kadi ivunjayo dhana yetu wenyewe, lakini hilo lastahili insha yake.)

Limebaki jambo moja ambalo hoja zangu hazijaligusa. Ikiwa mazoezi huongeza uwezo, basi aliyeyakosa amekosa kitu halisi, wala si kosa lake. Uingereza ilipofungua utumishi wa serikali ya India kwa mtihani wa mashindano mwaka 1855, watu wengi waliusifu kuwa wa haki, kwa sababu nafasi hazikutolewa tena kwa kujuana. Walakini mtihani ulifanyiwa London. Mhindi wa kwanza kufaulu, Satyendranath Tagore, alifaulu mwaka 1863, naye alikuwa mwana wa jamaa tajiri iliyoweza kumlipia safari. Haikuwa ila mwaka 1922 mtihani ulipoanza kufanywa India pia. Karatasi ilikuwa moja kwa wote. Njia ya kuifikia haikuwa moja.

Katika bweni lako hali yaweza kuwa hiyo hiyo kwa udogo. Mmoja ana kitabu cha mazoezi na mwalimu wa kulipwa wakati wa likizo. Jirani yake hana ila kalamu. Je, mwenye kitabu ana deni? Wako watakaokuambia amweleze mwenzake kwa sababu hatapungukiwa na kitu. Hilo si kweli, nami sitaki kukudanganya. Nafasi zikiwa chache, kila umwelezaye huongezeka kuwa mshindani, na yawezekana akakupita wewe uliyemfundisha. Saa zako za kujifunza ni mali yako, wala hapana awezaye kukulazimisha kuzigawa. Lakini kitabu hukukitunga, na ada hukuilipa. Ukikificha, wataka mtihani umhukumu jirani kwa umaskini wa baba yake na kuuita upungufu wa akili. Nawe utakuwa umefanya kwa siri alichofanya Brigham hadharani, pasipo kukiri kama alivyokiri.

Kwa hiyo akija usiku wa kuamkia mtihani, akauliza kwa nini ni 48 na si 50, mwoneshe zile saa 2 na zile saa 3 hata aone kwa macho yake. Kisha mlale. Kesho mtaingia chumba kimoja, na huenda nafasi ikawa moja.