VISHIMO VYA MASHAVUNI: JEE, YAFAA KUJIPASUA KWA KUTAFUTA UZURI?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa sura aliyoitaka Yeye. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote. Ama baad:

Binti mmoja katika darasa letu la wanawake ametuletea swali kwa maandishi. Asema kuwa ameposwa na harusi yake i karibu. Amesikia kuwa wako madaktari wampasuao mtu mashavu kwa ndani wakamtia vishimo, vile ambavyo wengine huviita vitobwe, vionekanavyo mtu anapocheka. Fedha anazo, mama yake ameridhia, na shoga zake wamhimiza. Lakini moyo wake hautulii, ndipo akauliza: Jee, jambo hili ni halali au si halali?

Swali hili si lake peke yake. Kwa hivyo twalijibu hapa ili wote wafaidike. Na kwanza twamshukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda, kwani wengi wetu hutenda kwanza, kisha humwendea sheikh kutafuta fatwa ya kuhalalisha lililokwisha tendeka.

JAMBO LENYEWE NI LIPI?

Haifai kulihukumu jambo kabla ya kulijua. Kishimo cha shavu hutokana na umbile la msuli. Uko msuli utokao kwenye mfupa wa shavu ukashuka mpaka pembe ya mdomo, nao ndio uuinuao mdomo mtu anapotabasamu. Kwa baadhi ya watu msuli huo hugawanyika sehemu mbili, na ngozi ikashikamana nao mahali hapo. Basi mtu akicheka ngozi huvutwa ndani, kikaonekana kishimo. Si ugonjwa kuwa nacho, wala si ugonjwa kutokuwa nacho. Wako hata watoto wazaliwao na vishimo, na wakikua vikapotea.

Tamaa ya kuvitengeneza si mpya. Mwaka 1896 mtu mmoja wa Berlin, Ujerumani, aitwaye Martin Goetze, alisajili huko Marekani chombo cha mkono cha kulikanda shavu kwa kukizungusha, ili lifanye kishimo. Leo watu wamekiacha chombo wakashika kisu. Daktari humpiga mtu sindano ya ganzi, akafungua mahali padogo ndani ya shavu, akatoa nyama kidogo na sehemu ya msuli, kisha akapitisha uzi mpaka chini ya ngozi ya nje na kuufunga. Kidonda kikipona hufanya kovu, na kovu hilo ndilo liishikalo ngozi. Majuma ya mwanzo kishimo huonekana hata mtu asipocheka. Baadaye, mambo yakienda sawa, huonekana wakati wa kucheka tu.

Na yasipokwenda sawa? Kinywa hakikosi vijidudu, na kidonda chaweza kufanya usaha. Ndani ya shavu umo mfereji uletao mate kinywani, na mna mishipa ya fahamu iendeshayo mdomo. Ikidhuriwa, mdomo waweza kwenda upande. Kishimo cha kulia chaweza kutofautiana na cha kushoto, chaweza kupotea, au kikabaki hata mtu akiwa matangani ameinamisha kichwa. Na aliyejuta hana dhamana ya kurudishiwa shavu lake kama lilivyokuwa. Hatusemi kuwa haya humfika kila mtu. Twasema kuwa mwenye shavu zima amejitia katika khatari ambayo hakuwa nayo.

SHARIA YASEMAJE?

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 119, Mwenyezi Mungu ametueleza nia ya Shetani ya kuwapoteza wanadamu, na kwamba katika atakayowaamrisha ni kulibadili umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Abdullahi bin Mas'ud (r.a.) ametaja laana iliyowashukia wanawake wachomao ngozi kwa sindano na kutia rangi, na wanyonyoao nyusi, na wafanyao mwanya katika meno yao kwa ajili ya uzuri.

Tuuzingatie huo mwanya, kwani sisi watu wa pwani twaujua sana. Ni katika sifa za uzuri tunazozisifu kwa wake zetu na binti zetu. Aliyezaliwa nao amepewa, wala hana dhambi. Lakini aliyechukua tupa akayakata meno yake mazima ili aonekane kana kwamba amezaliwa nao, huyo ndiye aliyetajwa katika Hadithi. Sasa weka kishimo cha shavu mahali pa mwanya, utazame kama pana tofauti. Vyote viwili ni sifa ya uzuri, vyote viwili hupewa baadhi ya watu na wengine wasipewe, na vyote viwili hapa vyafanywa kwa kukata kiungo kisicho na dosari.

Imamu Nawawi, alipoifasiri Hadithi hii, amebainisha kuwa kilichoharimishwa ni kile kifanywacho kwa kutafuta uzuri tu. Ama mwenye kuhitaji kwa matibabu, au kwa aibu iliyomo katika jino, hapana ubaya.

HOJA NA MAJIBU YAKE

Wako wasemao kuwa Uislamu wapenda uzuri, na kwamba Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri. Hiyo ni kweli, nayo imo katika Sahihi ya Muslim. Lakini maneno hayo yalikuja kwa kujibu swali la mtu aliyeuliza juu ya kupenda nguo nzuri na viatu vizuri. Hina, wanja, dhahabu, hariri, asumini na udi vyote ni halali kwa mwanamke, na kumpambia mumewe ni ibada akinuia. Imamu Qurtubi ametaja tofauti baina ya pambo lisilodumu, kama wanja, na lile libakialo mwilini. Hina hufutika. Msuli uliokatwa haufutiki.

Wako wasemao: Mbona twatoga masikio, na watoto twawanyoosha meno kwa nyaya? Twajibu: Tundu la sikio ni mahali pa kutundikia pambo, na wanawake wa zama za Mtume (s.a.w.) walivaa herini, hata siku ya Idi wakazivua na kuzitoa sadaka mbele ya Bilali (r.a.). Na meno yaliyopandana yana dhara katika kutafuna na kusafisha, kwa hivyo kuyanyoosha ni kutengeneza. Shavu lisilo na kishimo halina la kutengenezwa.

Wako wasemao: Huyu ni bibi harusi, nia yake ni kumfurahisha mumewe. Basi na tuikumbuke Hadithi ya Asmaa binti Abubakar (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mama mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa binti yake ni bibi harusi, na maradhi yamempukutisha nywele, jee amuungie nyingine? Mtume (s.a.w.) hakumruhusu, bali alimlaani mwenye kuunga na mwenye kuungwa. Tazameni: huyu alikuwa na ugonjwa, na harusi, na mama mwenye huruma, na bado hakuruhusiwa kuvaa kisichokuwa chake. Itakuwaje kwa asiye na ugonjwa wowote?

KILICHORUHUSIWA

Mtu asije akadhani kuwa twaharimisha kila kisu kigusacho uso. Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akavaa pua ya fedha, ikamnukia, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru avae ya dhahabu. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, na juu ya hayo aliruhusiwa, kwa kuwa pana kiungo kilichopotea.

Basi mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, aliyeungua moto, aliyevunjika taya katika ajali, na aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani, wote hawa wana ruhusa ya kutengenezwa. Wala si haki mzee kumwacha mtoto na mdomo uliopasuka kwa kusema kuwa ndivyo alivyoumbwa, na hali dawa ipo. Baraza la Fikihi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha 18 kilichofanywa Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliyatenga mambo haya mawili: liliruhusu upasuaji wa kurudisha umbo au kuondoa aibu iletayo madhara, na likakataza ule wa kulitoa umbo la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine.

Kwa hivyo jibu letu kwa binti yetu ni hili: kujipasua shavu zima ili kupata kishimo hakufai. Na daktari Mwislamu naye asiifanye kazi hiyo.

KIDONDA KIKO WAPI?

Imebaki hoja moja, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Binti huyu ameandika kuwa akijitazama katika kioo hujiona si kitu. Maneno haya hayafai kupuuzwa, wala hayajibiwi kwa kukemea. Ummu Yaaqub, bibi msomaji wa Qur'ani, aliposikia maneno ya Ibn Mas'ud alimwendea akamhoji uso kwa uso kuhusu dalili yake, naye akamjibu kwa aya ya 7 ya Sura Al-Hashr, wala hakumfukuza.

Twamuuliza basi: Mwanangu, ni nani aliyekwambia kuwa uso wako una upungufu? Hukuzaliwa na fikra hiyo. Yawezekana ni shangazi aliyekulinganisha na dada yako mbele ya wageni. Yawezekana ni hizi picha za simu, ambazo mwenye kupigwa huzisafisha ngozi, akaipunguza pua na kuyaongeza macho kabla ya kuzionyesha, na wewe ukazishindanisha na uso wako wa kweli. Au yawezekana ni mchumba mwenyewe aliyesema neno. Aliyejeruhiwa hapo ni moyo, si shavu. Na kisu cha daktari hakifiki huko. Utavipata vishimo, na mwezi wa pili ulimi ule ule utakwambia juu ya pua yako.

Na hapa lawama si ya mabinti peke yao. Sisi wanaume tukitaka kuoa, swali la kwanza huwa ni juu ya rangi na sura, na dini huulizwa mwisho, au haiulizwi kabisa. Mama zetu humwita mtoto mbele ya watu kwa kilema chake: mweusi huyu, mwenye pua huyu. Kisha mtoto akikua akaenda kutafuta kisu, twashangaa! Mwenye kuuchinja moyo wa mtoto kwa maneno asije akasimama mimbarini kumlaumu kwa kutafuta dawa isiyofaa. Yatupasa tuanze kuzitengeneza ndimi zetu.

Zahir (r.a.) alikuwa bedui asiyekuwa na sura ya kupendeza. Mtume (s.a.w.) alimkuta sokoni akiuza vitu vyake, akamkumbatia kwa nyuma, akawa kama amnadiye kwa mzaha. Zahir akasema kuwa yeye ni bidhaa isiyokuwa na bei. Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa kwa Mwenyezi Mungu yeye ana thamani kubwa. Hakumwambia kuwa ana sura nzuri, kwani hakusema ila kweli. Alimwonyesha pa kuitazamia thamani yake. Haya ameyapokea Imamu Ahmad.

NASAHA KWA MWENYE KUTAKA KUAMUA

Kila mwenye kukabiliwa na jambo kama hili na ajiulize mambo matatu. La kwanza: Jee, kiungo hiki kina ugonjwa, jeraha au aibu ambayo tabibu mwaminifu ataikubali, au ni kizima? La pili: Jee, lau ningeishi mahali ambapo hakuna wa kunitazama wala kunilinganisha, ningelitaka jambo hili? La tatu: Jee, mume ambaye hataridhika nami mpaka nipasuliwe, ataridhika nami nitakapozaa na kuzeeka? Swali hili la tatu lafaa kuulizwa kabla ya harusi, wala si baada yake.

Na zile fedha zilizowekwa kwa kazi hii, heri azitie katika elimu yake, au mtaji wa biashara utakaokuwa mkononi mwake.

Ama yule aliyekwisha kufanya kabla ya kujua, mlango wa toba haukufungwa. Aombe msamaha kwa Mola wake, wala hatumwambii ajipasue tena na kujizidishia madhara. Na asisimangwe.

Mwisho twakumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa tabasamu la mtu mbele ya nduguye ni sadaka, kama alivyopokea Tirmidhi. Sadaka hiyo haikushurutishiwa vishimo. Amcheke mumewe kwa uso aliopewa na Mola wake, nayo itaandikwa kamili.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azipambe nyoyo zetu kwa imani, azilinde ndimi zetu na kuwaumiza watoto wetu, na ambarikie binti huyu katika ndoa yake. Amin. Wallahu aalam.