AMANA YA WANYONGE: NI NANI WA KUITAKA HESABU?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Enyi ndugu zetu wa miji ya pwani! Tutakalo kulieleza katika waraka huu ni khabari ya Idara ya Huduma za Jamii katika kaunti, na ni juu ya nani kuisimamia. Huenda msomaji akadhani ya kuwa hili ni jambo la ofisini, lisilo na mlango wa kuingilia msikitini. Sivyo. Idara hii, ambayo kila kaunti huipa jina lake, ndiyo aghlabu inayokabidhiwa mambo ya mzee asiye na mwana, na mjane, na yatima, na kipofu, na kiwete, na aliyeunguliwa na nyumba. Na hawa ndio waliotajwa katika Sura ya Maun, ambamo mwenye kumsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa maskini wamehesabiwa katika wenye kuikadhibisha dini. Zingatieni neno hili: lawama haikumshukia asiyelisha peke yake, bali imemshukia na asiyehimiza. Na kuhimiza, kwa jambo la mali ya watu wote, ndiko kusimamia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 73, imeyaita mamlaka ya mtumishi wa dola kuwa ni amana ya umma. Neno amana si geni kwetu. Katika Sura ya Nisaa tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Basi fedha ya idara hii si ya gavana, wala si ya waziri wake, wala si ya karani akaaye dirishani. Mwenyewe ni yule mnyonge ambaye fedha ilitengwa kwa jina lake. Na anayempa hampi sadaka, bali amrudishia kilicho chake.

Wako miongoni mwetu waonao haya kumtaka hesabu mtu mwenye cheo. Husema: "Vipi nimuulize, naye ni mtu wetu, mwana wa watu?" Jawabu yao ni kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume, rehma na amani zimshukie, alimtuma mtu huyu kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi alitakwa hesabu, naye akaigawa mali mafungu mawili: hili la Waislamu, na hili amepewa yeye hidaya. Mtume akapanda juu ya mimbari, akauliza mbele ya watu kama mtu huyo, lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake, hidaya hiyo ingalimfuata. Hapa mna mafunzo mawili. La kwanza, aliyechaguliwa na Mtume mwenyewe alihesabiwa. Basi ni nani baada yake atakayeona kuulizwa ni kuvunjiwa heshima? La pili, zawadi imfuatayo mtu kwa ajili ya kiti chake haimfuati yeye, yafuata kiti.

Sasa na tuitazame njia ya hesabu ilivyo katika nchi yetu. Tangu zilipoanza kaunti 47 mwaka 2013, fedha haitoki katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti ila kwa idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mwaka wa fedha humalizika tarehe 30 Juni. Katika miezi sita baada ya hapo, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa awe amekwisha kukagua na kutoa ripoti. Na Bunge la Kaunti, likisha kuipokea ripoti hiyo, lapaswa kuijadili na kuchukua hatua katika muda wa miezi mitatu. Na kifungu cha 185 kimewapa wawakilishi wa wadi kazi ya kuwaangalia wenye kutenda. Gavana na mawaziri wake watende, wawakilishi waulize. Hii ndiyo tafauti yao, na maslaha ya mnyonge yamo ndani ya tafauti hii.

Lakini hebu tutazame twafanya nini sisi. Mwakilishi wa wadi hagongewi mlango na mtu wa kumuuliza ripoti. Hugongewa na mwenye kutaka karo, na mwenye kutaka sanda, na mwenye kutaka jina la mwanawe litiwe katika orodha ya basari. Tumemgeuza mwulizaji kuwa mgawaji. Na mtu akisha kuwa mgawaji, yambidi apate cha kugawa. Na akikitaka kwa wale wale aliowekwa kuwauliza, ulimi wake umekwisha kufungwa. Atasimamaje barazani kuuliza fedha ya mayatima ilikokwenda, na hali jana alikwenda kuomba fungu la watu wake? Mkono uliopokea hauwezi kunyosha kidole. Kisha hasara haimpati yeye, wala haimpati yule hodari wa kubisha mlango. Humpata kikongwe aliye chumbani, asiye na wa kumsemea, ambaye jina lake halimo katika orodha ya mtu yeyote.

Huenda mtu akatuambia: "Mwanangu amefukuzwa shule leo, je, ningoje miezi sita ya Mkaguzi?" Neno lake ni la haki, wala sisi hatumlaumu mwenye dhiki. Twawalaumu majirani zake wenye uwezo, waliomwachilia mpaka akalazimika kuiuza sauti yake kwa karo ya muhula mmoja. Zaka zetu na sadaka zetu zingalimfikia mtaani kwake, asingalikuwa na haja ya kumwomba yule apasaye kumuuliza. Basi kutoa zaka kwa utaratibu ni msaada wa maskini, na pia ni ngao ya uhuru wake.

Kwa hivyo twausia mambo matatu. La kwanza, kila mtaa uchague watu wachache waaminifu, wanaume na wanawake, wenye kujua kusoma hesabu, wasiotaka kura wala kandarasi. La pili, watu hao waiandikie idara kuitaka orodha ya waliopewa, na kipimo kilichotumika kuwachagua, na kiasi kilichotolewa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaitaka ofisi ya umma ijibu katika muda wa siku 21. Orodha ikija, wasitangaze aibu za maskini mitaani. Walinganishe majina na watu, wajue ni nani aliyeandikwa naye hayupo, na ni nani aliyepo naye hakuandikwa. La tatu, wampelekee mwakilishi wao waliyoyaona, wamtake ayaulize katika kikao, na wahudhurie wasikie. Kwani vikao vya Bunge la Kaunti ni vya wazi kwa kila mtu.

Na waulize penye mlango wake. Zile shilingi 2,000 za kila mwezi za wazee waliotimiza miaka 70, katika mpango wa Inua Jamii, ni za serikali kuu, si za kaunti. Mwenye kumlaumu waziri wa kaunti kwa fedha asiyoishika amdhulumu, na dhulma ni dhulma hata ikitendwa kwa nia ya kutetea maskini. Vile vile afisa aliyefanya vyema ashukuriwe hadharani, ili watu wajue ya kuwa hesabu si uadui.

Kusimamia haki ya mnyonge ni fardhi ya kutoshelezana: wakiifanya baadhi yetu, waliobaki wamesalimika, tukiiacha sote, sote tuna dhambi. Twamuomba Mwenyezi Mungu awape wenye amana uchamngu, na atupe sisi ujasiri wa kuwauliza kwa adabu na uadilifu wa kuukubali ukweli. Amin.